Bill Tilman: Msee wa Kericho Aliyemaliza Milima ya Hapa Kisha Akaenda Kwao na Baiskeli

Kama uko Kondele ama Nyalenda na mbogi yenu mko kwa WhatsApp mkibishana Disemba mtapanda mlima gani, tulieni kwanza. Najua venye hiyo gruupu iko. Mmoja anataka Kilimanjaro juu anataka picha na kile kibao cha kileleni. Mwingine anasema Elgon. Wa tatu amenunua baiskeli ya mitumba juzi na anataka mpige pedali mpaka Nandi Hills. Halafu kuna yule ambaye huuliza swali moja tu: itakuwa ngapi? Akijibiwa, ananyamaza mpaka Januari.

Sasa, kuna jamaa alikuwa anaishi hapa juu tu, upande wa Kericho na Sotik, karibu miaka mia iliyopita. Mito ya kule, Itare na Kipsonoi, ndiyo hushuka ikakuwa Sondu Miriu na kuingia ziwani, kwa hivyo tuseme alikuwa jirani. Huyo msee alipanda Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, akatafuta dhahabu Kakamega, akachoka, akanunua baiskeli na kuvuka nayo Afrika. Baadaye akaenda Himalaya akaweka rekodi ambayo haikuvunjwa kwa miaka 14. Anaitwa Bill Tilman, na kama hujawahi msikia usijali, hata mtu wa Kericho ukimuuliza atakuangalia tu.

Jina lote ni Harold William Tilman. Alizaliwa 14 Februari 1898 huko Wallasey, Uingereza, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Ndiyo, siku ya Valentine, na bado hakuwahi kuoa. Babake alikuwa anauza sukari, na chapaa ilikuwa, yaani watu wa Miwani na Muhoroni wangekaa naye chini waongee biashara mpaka usiku. Kijana angeingia tu kwa kampuni ya mzee aishi poa. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta shuleni, na mwaka wa 1915 akawa afisa wa mizinga akiwa na miaka 17. Mwaka uliofuata alikuwa Ufaransa, kwa yale mahandaki ya matope ambayo vijana wa rika lake walikuwa wanaingia na hawatoki. Yeye alitoka, na kovu la jeraha na medali mbili za ushujaa. Chuo kikuu hakuwahi kanyaga. Mimi niliyeacha kampo mwaka wa pili sina comment hapo, naendelea tu na stori.

Vita ikaisha, serikali ya Uingereza ikawa na wanajeshi wengi hawana kazi. Wakatengeneza bahati nasibu. Sio ya jackpot ya mpira. Hii ilikuwa ya mashamba. Ukiwa mzungu na ulipigana vita, unaingiza jina, jina likitoka unapewa shamba Kenya. Jina la Tilman likatoka. 1919 akashuka Mombasa, akapanda treni, akaishia kwa kipande cha msitu upande wa Kericho. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe, Wakipsigis, na hao hakuna aliyewaingiza kwa bahati nasibu yoyote. Lazima niseme hivyo mapema, juu stori ya huyu jamaa ni tamu sana na ni rahisi usahau ilianzia wapi.

Na kitu kingine ujue kuhusu huo wakati. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alikuwa anavaa kipande shingoni, ndani ya kakopo ka chuma. Humo ndani kuna alama za vidole vyako, kazi yako, na mwajiri wako. Asiposaini kwamba amekuachilia, ukihepa uende utafute kazi kwingine unashikwa. Hapa kwetu watu walichoka na hiyo maneno haraka. Disemba 1921 walikutana Lundha, kule Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti, na kipande kilikuwa kati ya vitu vya kwanza walivyopinga. Mwaka uliofuata gavana alikuja mpaka Nyahera, hapa nyuma ya Kisumu, akaketi nao. Shikilia hiyo kichwani. Tutairudia tukifika kwa baiskeli.

Tilman akaanza kulima. Kitani kwanza, bei ikaanguka. Akaingia kahawa. Kwa miaka kama kumi maisha yake yalikuwa kukata miti, kung'oa visiki, kulipa wafanyakazi, kungoja mvua. Mlima hakuna. Mlima Kenya na Kilimanjaro ziko, treni iko, miguu iko, na yeye anaamka kila siku kuangalia kahawa. Mwenye amewahi kukaa Kisumu maisha yake yote na hajawahi fika Got Ramogi anamwelewa.

Kilichombadilisha ni jamaa mwingine. Eric Shipton, kijana mdogo kwa Tilman na miaka tisa, alikuwa amekuja Kenya kujifunza ukulima. Januari 1929 huyo Shipton na Wyn Harris walipanda Nelion, kile kilele cha pili cha Mlima Kenya, watu wa kwanza kufika hapo, na wakavuka hadi Batian. Tilman akasikia, akamwandikia barua. Hajui kupanda mawe vizuri, lakini anataka kujua. Siku hizi ungesema aliingia DM.

Walichofanya 1930 ndicho kinanifurahisha kuliko vitu vyote alivyofanya baadaye. Hawakuanza kuota Himalaya. Waliangalia kuna nini karibu. Wakaenda Kilimanjaro, wakapanda Kibo lakini sehemu ya juu kabisa hawakufika, halafu wakahamia Mawenzi, mita 5,149, ambayo ni fupi kuliko Kibo lakini ngumu mara mia, mawe yamechongoka na yanabomoka. Mpaka leo watu wengi wanaoenda Kilimanjaro wanaiangalia Mawenzi kwa mbali tu na kuipiga picha. Katikati ya mwaka huohuo wakaenda Mlima Kenya na kufungua njia mpya ya kufika Batian, mita 5,199, kwa ule mgongo wa magharibi. Walipanda upande mmoja wakashuka upande mwingine, giza likawapata juu, na Tilman akaangusha shoka lake la barafu likaenda na bonde. Wapandaji wa mawe bado wanaitaja hiyo njia kama kazi ya maana. Tilman wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tu kwa hii kitu.

Siku chache baadaye, kwenye kilele kidogo kinaitwa Midget, aliteleza akagonga kichwa akazimia, akabaki ananing'inia kwa kamba ya Shipton. Akazinduka, wakashuka. Hawakuacha.

Januari 1932 zamu ikawa ya Rwenzori, mpaka wa Uganda na Kongo. Hapo ni mvua, matope, ukungu, nyasi za kuteleza, halafu barafu juu ya hayo yote. Wabakonjo wakawabebea mizigo, na wao wawili wakapanda Margherita, mita 5,109, pamoja na Speke na Baker. Ndani ya miaka miwili tu, milima mitatu mirefu zaidi Afrika ilikuwa imepigwa. Mizigo ilibebwa na watu wa hapa kila mara, na majina yao hausikii. Jina linalobaki ni la mwenye kamba.

Akaenda likizo kwao, na mambo yakaharibika. Pasaka 1932, kwenye mawe ya kaskazini mwa Uingereza, yeye na wenzake walianguka. Mmoja akafariki. Tilman mwenyewe aliumia mgongo, akajikokota kutafuta msaada. Alipopona akarudi Kenya, na kahawa haikumvutia tena. Sasa kilichokuwa kinatrendi ni Kakamega.

Dhahabu ilikuwa imepatikana Kakamega 1931. Kama unaijua barabara ya kupanda Riat, unapita Kiboswa, Chavakali, unaingia Kakamega, chukua hiyo picha ujaze wazungu wenye sululu, mahema kila mahali, na kila mmoja anaamini ataomoka wiki ijayo. Tilman akaweka vigingi vyake kama wengine. Hakuomoka. Lakini kuna watu walipoteza zaidi ya jasho. Mwaka wa 1930 serikali ilikuwa imepitisha sheria kuahidi kwamba ardhi ya Waafrika haitaguswa, na kama ni lazima ichukuliwe, watapewa nyingine mahali pake. Dhahabu ikatokea, na Disemba 1932 sheria ikabadilishwa chapchap ili ardhi ichukuliwe bila kupewa nyingine. Ahadi ilikaa miaka miwili. Hata Archdeacon Owen, yule mmisionari wa Nyanza, alilalamika.

1933 Tilman akarudi Kilimanjaro peke yake. Ile sehemu ya juu waliyoikosa na Shipton ilikuwa inamuuma. Akapanda bila mtu, akafika, akashuka. (Usijaribu hiyo leo. Kilimanjaro lazima uende na guide, na mfuko wako utaisikia.)

Halafu akaamua Kenya imetosha. Njia ya kawaida ya kwenda kwao ilikuwa treni mpaka Mombasa, halafu meli. Watu wote walipitia hapo. Yeye akaona kama atalipa, afadhali alipie kitu anachokitaka. Akanunua baiskeli ya paundi 6, ya kawaida tu, ndugu yake black mamba unayoijua. Akatoka upande wa Uganda akaelekea magharibi: Kongo ya Wabelgiji, Ubangi-Shari ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kamerun, mpaka bahari ya Atlantiki. Kilomita kama 4,800. Siku 56.

Piga hesabu. Ni kama kilomita 86 kila siku. Ni Kisumu kwenda Kericho, kesho yake tena Kisumu kwenda Kericho, mara 56, kwa barabara ya murram na mchanga, peke yako, unakula ndizi na chochote kijiji kinauza. Hakuna kampuni ilimpa jezi. Kisumu tunajua baiskeli. Kabla pikipiki zijae, huu mji ulikuwa wa boda ya baiskeli, na kuna wazee wako Jubilee Market hadi leo ambao walisomesha watoto kwa kiti cha nyuma cha black mamba. Hao wangemwelewa Tilman kuliko watu wenye baiskeli ya laki mbili na kofia ya kung'aa.

Lakini kumbuka kipande. Mzungu mmoja, baiskeli moja, nchi nne za wakoloni, na kote huko anapita. Kijana wa Gem wa rika hilohilo, mwenye miguu mizuri kumliko, akitoka shamba la Kericho bila saini ya mdosi anafungwa. Sisemi Tilman ndiye aliandika hiyo sheria. Nasema kuchagua pa kwenda ilikuwa mali ya watu wachache, kama vile mashamba.

Na mwaka uliofuata hiyo tofauti ikawa kubwa zaidi. Mwaka wa 1934 Tilman na Shipton walienda India na Masherpa watatu, Angtharkay, Pasang na Kusang. Walikuwa wanatafuta njia ya kuingia bonde la Nanda Devi, mahali pamezungukwa na ukuta wa milima pande zote. Watu walikuwa wamejaribu kwa miaka 50 wakashindwa. Hawa watano, kwa bajeti ndogo na chakula cha watu wa huko, wakapenya korongo la mto Rishi Ganga wakaingia. Tilman alikuwa na imani kwamba safari ambayo mipango yake haitoshi nyuma ya bahasha moja imeshakuwa kubwa sana.

Mwaka huohuo wa 1934, kule Kericho alikotoka, serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Wazee, wamama, watoto, wote. Walipelekwa wapi? Gwassi. Hapa kwetu, ufuoni mwa ziwa, upande wa Homa Bay, mahali wakati huo palikuwa na mbung'o na malaria ambazo watu wa nyanda za juu hawakuzizoea. Walikaa huko miaka karibu 30. Leo Gwassi Hills ni mahali vijana wanaenda kutembea, unapanda unaona ziwa lote chini na visiwa kama vimetupwa. Ni kuzuri. Ukienda, jua kuna watu walipelekwa huko bila kuulizwa kama wanapenda milima.

Tilman akaendelea. 1935 alikuwa kwa timu ya Everest, na mwili wake ukakataa urefu, hakuzoea hewa nyembamba, hivyo 1936 wakamwacha nje ya timu. Yaani mtu aliyepanda Kilimanjaro, Kenya na Rwenzori aliambiwa hafai. Akaenda na Waingereza na Wamarekani wengine kujaribu Nanda Devi yenyewe, na tarehe 29 Agosti 1936 yeye na Noel Odell wakasimama kileleni, mita 7,816. Hakuna kilele kirefu kuliko hicho kilichokuwa kimepandwa na binadamu, mpaka Annapurna ilipopandwa 1950. Wale wa Everest mwaka huo walirudi mikono mitupu. 1938 wakampa uongozi wa timu ya Everest, akaenda na watu wachache na vitu vichache kama kawaida yake. Kilele hakikupatikana.

Hiyo ya mwili kukataa wengi wetu tunaidharau. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari. Ukipanda matatu asubuhi, kesho yake uko mita 4,000, kichwa kitakuuma na utatapika hata kama wewe ndio baunsa wa klabu. Haiangalii misuli. Mwili unataka siku, si nguvu. Ndio maana mtu wa hapa akiniuliza aanzie wapi, namwambia asianze na Kilimanjaro. Panda Riat na baiskeli mpaka isikuchoshe. Halafu nenda Chemelil, upande ile kona ya kwenda Nandi Hills, uko juu ya mita 2,000 na chini yako ni mashamba ya miwa mpaka ziwa. Homa Hill ni fupi lakini mwinuko wake hauna huruma, na jua la huko usicheze nalo, anza alfajiri. Ukitosheka hapo ndio uwaze Elgon, ambayo upande wa Kenya inapita mita 4,000, unapitia Kitale mpaka Endebess, na ina mapango ambayo ndovu huingia usiku kulamba chumvi. Watu wanaenda mpaka Nepal na hawajawahi ona ndovu akitoka pangoni.

Barafu ndiyo sikuahidi. Ile Tilman aliikanyaga Mlima Kenya na Rwenzori imeyeyuka karibu yote. Kama ni hiyo unataka, usingoje mshahara upande.

Vita vya Pili vikaja, Tilman akarudi jeshini na umri wake, akarushwa na parachuti Albania, halafu Italia akapigana pamoja na wapiganaji wa msituni, na mji wa Belluno ukampa heshima ya kuwa raia wake. Baada ya vita alijaribu Rakaposhi, Muztagh Ata na Annapurna IV, akaingia Nepal ilipofungua milango 1949. Zote hizo hakumaliza. Umri ulikuwa unamshika, na alikuwa mtu wa kujiambia ukweli.

Wengi hapo wangekaa kwa kiti na kusimulia. Yeye 1954 akanunua mashua kuukuu ya matanga, imejengwa 1906, inaitwa Mischief, ili afike milima ambayo inasimama moja kwa moja kutoka baharini. Patagonia, Greenland, visiwa vya barafu vya kusini. Alizamisha mashua mbili kwa hiyo kazi. Mabaharia aliwatafuta kwa tangazo, na wanawake hakuwataka kabisa, na hapo mzee alikuwa anajinyima tu, juu nimeona madame wa Kisumu wakipanda Elgon na mimi nikiwa nyuma nahema.

Machi 1977 Shipton akafariki. Tilman alikuwa na miaka 79. Kijana mmoja, Simon Richardson, alikuwa anapeleka mashua iitwayo En Avant mpaka Smith, kisiwa karibu na Antaktika chenye mlima ambao hakuna aliyekuwa ameupanda. Tilman akaomba kwenda, sio kama kapteni, kama mmoja wa mabaharia. Alitarajia kutimiza miaka 80 akiwa huko. Walitoka Rio de Janeiro mwanzoni mwa Novemba 1977 wakielekea visiwa vya Falkland. Hawakufika. Mashua haikuonekana tena, wala yeye, wala yeyote kati yao.

Ule mlima wa Smith ulikuja kupandwa 1996.